Ndizi Juu, Machungwa Chini

Mimi huning'iniza ndizi juu na kupanga machungwa chini. Nimefanya hivyo tangu nilipoanza kuuza matunda Kitengela, mwaka wa tisini na sita, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza sababu. Ndizi ukiilaza juu ya mbao hugeuka nyeusi upande mmoja kabla ya saa sita mchana. Chungwa ukiliweka juu hubingirika hadi lami, na magari ya barabara ya Namanga hayana huruma na chungwa. Basi, hiyo ndiyo sayansi yangu yote.

Halafu ukaja mwaka wa elfu mbili na tano, tukaletewa kura ya maoni juu ya katiba mpya. Anayeitaka achague ndizi, asiyeitaka achague chungwa, eti hata asiyejua kusoma aelewe. Tulielewa kupita kiasi. Baada ya wiki chache watu wazima, wazazi wa watoto wa sekondari, walikuwa wakipita mbele ya meza yangu, wanaangalia juu, wanaangalia chini, kisha wanaangalia uso wangu kana kwamba nimeficha bunduki kwenye gunia.

"Mama Mwende," mmoja akaniuliza, "mbona ndizi ndio umeweka juu?"

"Kwa sababu msumari uko juu."

"Si ungegonga ingine chini?"

Nilimpa chenji yake nikamwambia awasalimie watu wa nyumbani. Huyo angalau aliuliza. Wengi hawakuuliza. Walikata shauri huko huko ndani ya vichwa vyao, na mtu aliyekata shauri bila kuuliza huwezi hata kumjibu. Hilo ndilo lililonikera tangu mwanzo, na bado linanikera ninapolisimulia.

Jina langu ni Muthoki, ila sokoni wananiita Mama Mwende kwa sababu ya binti yangu wa kwanza. Meza yangu ilikuwa ya kwanza kabisa kando ya barabara. Anayeshuka kutoka Isinya au Kisaju, mguu wake ukigusa chini, macho yake yanagusa matunda yangu. Nafasi hiyo ilinilelea watoto watatu. Wenye meza za ndani, kule nyuma ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga, walikuwa wakirudi nyumbani na nyanya zilizooza. Kwa hiyo mtu akikuambia uhamie ndani, amekuambia ufunge biashara.

Nyuma yangu kulikuwa na kibanda cha Nyaguthii, Mkikuyu mpishi wa chai na githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Meza ikiachwa nje usiku askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, waliibeba, kwa hiyo jioni tuliiingiza kibandani kwake na asubuhi tuliitoa, yeye miguu miwili, mimi miguu miwili. Ilikuwa meza ya mbao za mkaratusi, nzito ajabu, mtu mmoja haiwezi. Tuliibeba tukiwa na mimba, tuliibeba tukiwa na malaria, tuliibeba hata siku ambazo kila mmoja wetu alikuwa amekosana na mume wake na hakuna aliyetaka kuongea. Yeye akienda kanisani katikati ya wiki mimi nilipakua githeri yake. Mimi nikienda kuchukua mzigo yeye aliuza matunda yangu, na hakuwahi kukosea bei.

Asubuhi moja mwezi wa kumi Nyaguthii alishika miguu yake miwili ya meza, lakini hakuinua.

"Mama Mwende, watu wanasema wewe ni Chungwa."

"Watu gani?"

"Watu. Si wewe ni Mkamba? Si mwenyekiti Mwololo, huyo wa Chungwa, ni wa kwenu? Na ona vile umepanga. Machungwa mbele, kila mtu aone. Ndizi umezitupa huko juu na mainzi."

"Nyaguthii, umetoa hii meza na mimi miaka hii yote. Machungwa yalikuwa yanakaa wapi?"

Alifikiria. Nilimwona akifikiria, na kwa muda mfupi nikadhani nimempata.

"Yalikuwa hapo hapo," akasema. "Lakini zamani haikuwa na maana."

Kesho yake nilipofika nilikuta meza yangu iko nje ya kibanda, miguu juu, ina umande. Kwamba askari wangeweza kuichukua usiku haikumsumbua. Niliigeuza peke yangu, nikaiburuta hadi mahali pake, na mgongo ukaniuma siku nzima. Moyo uliniuma zaidi, lakini nilikuwa nimejiapiza sitalia mbele ya githeri ya mtu.

Tangu siku hiyo meza ililala ng'ambo ya barabara, kwa Ugbad. Ugbad alikuwa Msomali wa kutoka Garissa, mwenye hoteli ndogo ya rangi ya kijani. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara wa mbuzi, wanaume waliotoka soko la Kajiado na njaa ya siku nzima. Aliwapikia wali na nyama ya mbuzi, na kando ya kila sahani aliweka ndizi mbivu. Wasomali hula wali kwa ndizi. Wanaikata vipande wanachanganya na wali, tangu kwa babu zao, na usipoweka ndizi mteja anakuuliza chakula kiko wapi. Kila siku Ugbad alichukua kwangu mkungu mzima wa ndizi zilizokuja na lori kutoka Loitokitok. Alikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote.

Sasa sikia akili za watu. Kijana mmoja wa kampeni alipita mbele ya hoteli, akachungulia dirishani, akaona wanaume wameketi, kila mmoja na ndizi yake. Jioni ile habari ilikuwa imezunguka Kitengela nzima kwamba Wasomali wa mbuzi wamenunuliwa na upande wa Ndizi, yaani wa serikali, na ushahidi upo, wanaila hadharani. Aliyeleta habari alikuwa amewahi kula pale mwenyewe. Alikuwa amekula wali kwa ndizi na kulamba vidole. Siku alipokula aliona chakula tu, siku alipotaka kuona njama aliona njama kwenye sahani ile ile.

Siku ya tatu vijana waliupindua mkokoteni uliokuwa ukimpelekea Ugbad ndizi. Walizikanyaga palepale barabarani, wakicheka.

"Mathe, shinda ukipelekea serikali ndizi zao!" mmoja akanipigia kelele.

Nilivuka barabara nikamkuta Ugbad amesimama mlangoni, mikono kiunoni, midomo imekaza.

"Abaayo," akaniambia, maana hivyo ndivyo Wasomali wanavyoitana dada, "nimefikiria nipike wali bila ndizi mpaka kura iishe."

"Wateja watakubali?"

"Hawatakubali. Lakini si hiyo tu." Aliziangalia ndizi zilizopondeka. "Leo nikitoa ndizi kwa sahani, kesho watasema nitoe nini? Buibui? Jina yangu? Mimi sijui hii katiba yao inasema nini, sijasoma bado. Lakini ndizi yangu nitakula. Leta ingine."

Nilileta. Sikutumia mkokoteni. Nilijitwika mkungu kichwani, nikapita katikati ya soko polepole, mchana, nikimsalimia kila mtu kwa jina. Wachache waliitikia. Mama Nashipae, Mmaasai muuza maziwa, alinisalimu kwa Kimaasai, kwa sauti kubwa kama kawaida yake.

"Takwenya, Mama Mwende!"

"Iko!" nikamjibu kwa lugha yake, nusura nimkumbatie na mkungu kichwani.

Safari hiyo ndiyo iliyomleta Mwololo. Mwololo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya soko, muuza viatu vya mitumba, Mkamba mwenzangu wa kutoka Makueni. Alikuja na tabasamu, akazungumza nami kwa Kikamba kwanza ili nijue tuko nyumbani, kisha akahamia Kiswahili ili wanaopita wamsikie.

"Mama Mwende, wewe ni mtu wetu. Jumamosi mheshimiwa wa Chungwa anapitia hapa akielekea Kajiado. Nimemwambia akifika Kitengela ataona barabara yote ni machungwa. Sasa hii meza yako ndio ya kwanza. Toa ndizi siku moja tu."

"Na nikiziacha?"

"Utaziachaje? Wewe ni Mkamba."

"Mwololo, mimi ni Mkamba hata nikiuza samaki."

Tabasamu likapotea. Akaangalia ndizi, akaangalia hoteli ya Ugbad ng'ambo, na nilimwona akijumlisha. Ndizi juu. Ndizi kwa Wasomali. Mkungu kichwani mchana kweupe. Jumla yake ikatoka, na tangu dakika hiyo hakuna neno ambalo ningesema likambadilisha.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Wamekununua. Ngoja tuone kama utakalia hii nafasi."

Ijumaa saa nane aliitisha mkutano wa soko, kwenye uwanja mbele ya posho mill. Hakutaka karatasi. Alitaka mlolongo, kama zile kura za zamani tulizolaani wenyewe. Anayetaka Mama Mwende ahamishiwe ndani asimame nyuma ya mwenyekiti. Anayetaka abaki asimame nyuma ya Mama Mwende. Ukisimama, kila mtu anakuona, na kesho utahitaji kuazima mizani kwa jirani yako.

Mwanzoni hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wakitazamana miguu. Kisha wawili wakaenda kwa Mwololo, halafu watano, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa akifikiria tena, walikuwa wakifuata visigino vya aliye mbele. Mstari ukapita posho mill, ukapita choo, ukakunja kona. Nyuma yangu alisimama Ugbad peke yake.

Nilimtafuta Nyaguthii. Alikuwa katikati ya mstari wa Mwololo, macho chini, mikono imefungwa ndani ya aproni. Kwa Mwololo nilitarajia lolote, lakini kwa Nyaguthii sikutarajia hili. Ndipo nikaona jambo lingine. Mbele ya Nyaguthii alisimama muuza mahindi aliyekuwa amevaa fulana ya chungwa tangu Septemba. Nyuma yake walikuwa kina mama wa kanisa lake, wote watu wa Ndizi, watu ambao kwa miezi miwili walikuwa wakikataa kusagia mahindi siku moja na watu wa Chungwa. Wote wamo ndani ya mstari mmoja. Nilianza kucheka, na si kicheko kizuri.

"Msihesabu kwanza," nikasema.

"Hiyo haiko kwa ajenda," akasema Mwololo.

"Hata mimi sikuwa kwa ajenda yako, ukaniweka." Nikaenda moja kwa moja hadi kwa Nyaguthii. "Nyaguthii, uko hapa kwa nini? Sema kwa sauti."

Akainua uso. Alikuwa na aibu, lakini pia alikuwa na hasira, na hasira ikashinda.

"Kwa sababu wewe ni Chungwa! Umekaa hapo barabarani na machungwa yako, unafanyia watu wa kwenu kampeni!"

Yule wa mahindi aligeuka. "Chungwa nani? Huyu? Huyu ni Ndizi! Ndio maana tunamtoa!"

"Ndizi wapi?" akadakia mama mmoja wa kanisa. "Si Mkamba huyu?"

"Mkamba aliyenunuliwa! Muulize mwenyekiti!"

Kina mama wakamgeukia Mwololo. "Kwani hii laini ni ya kutoa nani?"

"Ya kutoa Ndizi barabarani," akasema Mwololo. Alikuwa bado hajaelewa.

"Aa! Sisi tumekuja kutoa Chungwa!"

Nilimfikia Mama Nashipae, aliyekuwa karibu na kona, kibuyu cha maziwa mkononi. "Na wewe, mama?"

"Mimi?" Akashangaa. "Mimi niliona laini. Nikafikiria ni ya unga ya serikali." Akatoka kwenye mstari akaondoka zake, akilalamika kwamba maziwa yanaharibika juani.

Mstari ulivunjika. Haukuvunjika kwa sababu watu waliona aibu, msidanganyike. Ulivunjika kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kupumua hewa moja na mwenzake. Matusi yalirushwa ambayo sitayaandika. Kina mama wa Ndizi walishauriana haraka, wakapiga hesabu yao mpya, kwamba kama Mwololo ananichukia basi mimi ni wao, na wakaja mbio kusimama nyuma yangu. Nusu ya soko, ghafla, ikawa yangu. Ningenyamaza tu dakika moja, nafasi yangu ingekuwa salama.

Nikashindwa kunyamaza.

"Rudini!" nikawaambia. "Mmekuja kwa sababu ya ndizi, na sitaki. Kesho mtaona chungwa mtaniacha. Anayesimama hapa asimame kwa sababu nimekaa ile meza miaka tisa na sijawahi kumuibia mtu. Kama huna hiyo sababu, ondoka nyuma yangu."

"Abaayo, umerukwa na akili," Ugbad akanong'ona. Lakini alikuwa akitabasamu.

Wakaondoka, wamenuna. Wakabaki wametapakaa uwanjani, hawako huku wala kule. Mwololo hakuwa na mstari wa kuhesabu, na mwanamume asiye na hesabu huanza kupiga kelele. Akatangaza kwamba kamati ni yeye, kwamba amri ni yake, na kwamba kesho nikiweka mguu pale barabarani vijana wataitupa meza mtaroni.

Jumamosi nilifika kukiwa bado na baridi. Mimi na Ugbad tuliivusha meza barabara, yeye buibui limekunjwa kiunoni, tukitweta. Niligonga msumari ukakaza. Nikaning'iniza ndizi juu. Nikapanga machungwa chini, moja moja, nikiyapangusa kwa kanga. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa na karo ya muhula ujao ndani ya ile meza.

Saa tatu Mwololo akaja na vijana wake, fulana mpya za rangi ya chungwa, pembe ya kupuliza mkononi. Mbali, upande wa Athi River, tulisikia ving'ora.

"Toeni hii kitu," Mwololo akasema.

Vijana wawili wakashika miguu ya mbele. Mimi nikashika mmoja wa nyuma, nikaukumbatia kwa mikono miwili. Ugbad alikuwa upande wa mbele anawafokea kwa Kisomali. Mguu wa nne haukuwa na mtu, na meza ikaanza kupinda upande ule, machungwa yakaanza kubingirika.

Kisha meza ikasimama. Nilihisi kabla ya kuona. Mtu aliyeshika mguu wa nne aliushika kwa namna ninayoijua, chini kidogo ya kiungo, kidole gumba ndani. Nikageuka. Nyaguthii alikuwa amechutama kando yangu, mwiko wa githeri umechomekwa kwenye aproni, uso umekunjamana.

"Bado nafikiria wewe ni Chungwa," akaniambia.

"Fikiria unachotaka. Shika vizuri."

"Usinifundishe kushika hii meza."

Kijana mmoja akavuta. Nyaguthii akachomoa mwiko. "Wewe, mtoto wa Apondi! Jana umekula kwangu na hujalipa, leo unavuta meza? Vuta tena nione!" Kijana akaiachia kana kwamba imemuunguza. Mwenzake akabaki peke yake na mguu wake mmoja, akatuangalia, akaangalia ile mbao nzito, akaona ni heri akapulize pembe.

Msafara wa mheshimiwa ukaja wakati huo. Mwololo alikimbilia kando ya lami akainua mikono yote miwili. Magari yalikuwa mengi, makubwa, vioo vyeusi vimefungwa hadi juu. Hayakupunguza mwendo. Yalipita na upepo wao na vumbi la kando ya barabara likatumwagikia sote, likafunika ndizi, likafunika machungwa, likafunika fulana mpya. Lilipotulia Mwololo alikuwa bado ameinua mkono mmoja. Hakuna aliyemwona, wala hakuna aliyeona barabara ilikuwa na tunda gani.

Nyaguthii alitema vumbi, akachukua ncha ya aproni yake, akaanza kupangusa. Alianza na ndizi. Mimi nikaanza na machungwa. Hatukuombana msamaha, na mpaka leo hatujaombana. Jioni aliniuliza tu kama meza inalala ng'ambo au inalala kwake. Nikamwambia inalala kwake, ila Ugbad aje aibebe nasi, maana sote tunazeeka.

Siku ya kura Chungwa lilishinda, kama mjuavyo, na Mwololo alicheza hadi akapoteza kiatu. Nilipanga foleni kama wengine, nikachovya kidole, nikarudi kazini. Tangu hapo Nyaguthii anaamini nilipigia Chungwa. Mwololo anaamini nilipigia Ndizi, na kila mmoja ana ushahidi wake, na ushahidi wa wote wawili ni meza yangu ile ile. Ugbad hajawahi kuniuliza. Alisoma ile katiba yote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa anachambua mchele, akapiga kura yake na yeye akanyamaza.

Na wewe unayesoma, najua umekuwa ukinipima tangu mstari wa kwanza, na huenda umeshakata shauri. Shauri yako. Ndizi ziko juu kwa sababu zikilazwa zinachubuka. Machungwa yako chini kwa sababu yakiwa juu yanabingirika. Ukitaka sababu nyingine, ilete kutoka kwenu, lakini nunua kitu kwanza.